Barua ya wazi kwa Mkuu wa Apple: Waya uachwe huru, chaja ndiyo ikaguliwe

Kwa Mheshimiwa Mkurugenzi Mtendaji,
Kampuni ya Apple,
Cupertino, California,
Marekani.

YAH: OMBI LA UNYENYEKEVU KUHUSU UTHIBITISHO WA NYAYA NA CHAJA ZA SIMU

Mheshimiwa,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Natambua kwamba mezani kwako hupita barua za mawaziri, majaji na wanahisa wenye mabilioni, na kwamba kunisikiliza mimi ni fadhila, wala si wajibu wako. Nakushukuru tangu sasa kwa muda utakaonipa. Na pakitokea neno lililopungua adabu, naomba lihesabiwe kuwa upungufu wa ufasaha wangu, lisihesabiwe kuwa upungufu wa heshima niliyonayo kwako na kwa wote wanaofanya kazi chini yako.

Ili nisikuchoshe, naomba nitaje haja yangu mapema. Naunga mkono kwa moyo wote kwamba mtengenezaji wa simu adai uthibitisho wa ubora kwa vifaa vya kuchajia. Ninachoomba ni kwamba uthibitisho huo uwekwe pale penye hatari, yaani kwenye chaja inayochomekwa ukutani; uwe wazi kwa kila kiwanda kinachoweza kufikia kiwango; na waya usirudi tena kufungwa kwa kufuli la kampuni moja, hata kama sheria za nchi za mbali zitabadilika kesho.

Naandika nikiwa upande wa watumiaji ambao huenda hawaonekani vizuri kutoka Cupertino. Barani Afrika kampuni yako haina duka lake hata moja. iPhone hutufikia kwa mawakala, kwa ndugu wanaorudi kutoka ughaibuni, na kwa wafanyabiashara wanaozileta zikiwa zimeshatumika, nyingi zikipitia Dubai. Simu iliyotumika aghalabu haina boksi. Na hata yenye boksi, tangu iPhone 12 itoke Oktoba 2020, ndani yake hakuna chaja, kuna waya tu. Mlieleza kwamba lengo ni kupunguza taka na uchimbaji wa madini, na siwezi kuibeza nia hiyo. Ila kwa mnunuzi wa Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, matokeo yake ni kwamba akishalipia simu, hatua inayofuata ni kutafuta kichwa cha chaja. Mezani mbele yake viko vya kila namna, vyeupe, vidogo, vyenye maandishi yaleyale na nembo ileile, bei zikipishana sana. Muuzaji humwambia hiki ni OG, hiki ni kopi, na yeye hana kipimo kingine zaidi ya neno la muuzaji.

Mheshimiwa, naomba ruhusa nirudi nyuma kidogo. Septemba 2012, pamoja na iPhone 5, mlituletea Lightning: kichwa chembamba cha waya chenye pini nane, ambacho hakijali umekichomeka juu au chini. Ndani yake mliweka chipu ndogo ya utambulisho. Kiwanda kilichotaka kutengeneza waya huo kilipaswa kuingia kwenye mpango wenu wa leseni wa MFi, ambao ulianza mwaka 2005 kwa ajili ya vifaa vya iPod, na kununua sehemu mlizoziidhinisha ninyi. Mwaka uliofuata ilipokuja iOS 7, simu ikaanza kutoa onyo kwenye kioo kwamba waya au kifaa hiki hakijathibitishwa na huenda kisifanye kazi vizuri.

Naamini walioubuni mpango ule walitaka mema. Julai 2013 zilienea habari kutoka China za mwanamke kijana aliyefariki kwa kupigwa na umeme, ikidaiwa kwamba alikuwa akitumia iPhone iliyokuwa kwenye chaji, na lawama ikaelekezwa kwa chaja isiyo halisi. Kampuni yako haikukaa kimya. Agosti ya mwaka huohuo mliwaambia wateja walete chaja wanazozitilia shaka, nanyi mtawauzia halisi kwa dola 10 badala ya 19. Lilikuwa jambo la kiungwana, na nitaomba kulirudia mbele kidogo.

Lakini naomba tuvitazame vitu viwili vya mwaka ule kwa pamoja. Chipu ya utambulisho ilikuwa kwenye waya. Kilichodaiwa kuua kilikuwa chaja.

Ukutani kwetu kuna umeme wa volti 230. Waya uliounganishwa na chaja nzima ya iPhone hupitisha volti 5, na kwa chaja za kasi aghalabu takriban 9. Umeme wa kiasi hicho haumuui mtu. Kazi ya kuushusha kutoka 230, na ya kuhakikisha kwamba ule wa juu hauvuki hata kidogo kwenda upande wa simu, inafanywa na chaja peke yake, na simu haiwezi kuona kilichomo ndani ya chaja. Kwa hiyo simu inayokagua waya ni sawa na nyumba iliyoweka mlinzi hodari dirishani huku mlango wa mbele ukiwa hauna hata komeo.

Fundi simu yeyote atakayekubali kupasua chaja mbili mbele yako anaweza kukuonyesha ninachokisema. Chaja halisi hufunguka kwa shida, na ikifunguka unakuta imesheheni. Pale umeme unapoingilia pana fyuzi, au kipande kinachofanya kazi ya fyuzi. Pana vichujio vya kuutuliza umeme. Pana transfoma ndogo iliyozungushiwa utepe safu juu ya safu. Na kwenye kibao cha saketi pana ukanda mtupu wa milimita kadhaa, usio na shaba wala lehemu, unaotenga upande wa ukutani na upande wa simu. Chaja feki nyingi hufunguka kwa kucha. Vifaa vya ndani unaweza kuvihesabu kwa mara moja. Fyuzi haipo, utepe wa transfoma ni haba, na njia ya shaba yenye volti 230 imepita karibu sana na ile ya simu, pengine nafasi iliyobaki haifiki milimita moja. Kwa joto na unyevu wa pwani yetu, nafasi hiyo ndiyo yote inayomtenga mtoto aliyeshika simu na umeme wa nyumba nzima.

Na hapo hatujagusa pini. Soketi zetu ni za mtindo wa Uingereza, zenye matundu matatu, na pini ya tundu la juu ndiyo inayofungua vizuizi vya matundu mawili ya chini. Vichwa vingi vya bei nafuu vina pini mbili tu. Mtu huchomeka kalamu au kijiti kwenye tundu la juu ili vizuizi viachie, kisha hukishindilia kichwa. Ni jambo la kila siku, majumbani na maofisini. Onyo la kwenye kioo kuhusu waya halimfikii mtu huyo wakati anaouhitaji ulinzi.

Ukubwa wa hatari hii si dhana yangu. Mwaka 2016 taasisi ya maofisa wa viwango vya biashara nchini Uingereza ilipeleka maabara chaja 400 bandia za Apple zilizonunuliwa mtandaoni kutoka nchi mbalimbali. Ni 3 tu zilizokuwa na kinga ya kutosha dhidi ya kumpiga mtu umeme. Mwaka huohuo kampuni yako ilifungua kesi Marekani, ikaeleza kwamba ilinunua kupitia Amazon simu, chaja na nyaya za Lightning zaidi ya 100 zilizouzwa kama bidhaa halisi, na karibu asilimia 90 zikabainika kuwa bandia.

Kwa heshima zote, naomba tutafakari tarehe hiyo. Mwaka 2016 chipu ya utambulisho ilikuwa na miaka minne sokoni, na viwanda vya bandia vilikuwa vimeshaiga utambulisho wake siku nyingi. Aliyekusudia kudanganya alipita. Aliyebaki nje ni mtengenezaji mdogo mwaminifu asiyemudu masharti ya leseni. Na aliyebeba adha ni mtumiaji, ambaye waya wake ulichaji jana, leo simu imesasishwa na waya unagoma. Akaenda kununua mwingine wa aina ileile, au akajifunza kuliondoa onyo kwa kidole bila kulisoma. Mtu akishazoea kupuuza onyo lisilo na hatari, siku likija lenye hatari atalipuuza pia.

Haki inanitaka niseme vilevile kwamba waya nao una madhara yake. Kuanzia mwaka 2015 mhandisi wa Google, Benson Leung, alinunua nyaya za USB-C zilizokuwa zikiuzwa Amazon, akazipima moja moja na kuandika matokeo hadharani. Februari 2016 waya mmoja ulioungwa kinyume, chanya mahali pa hasi, ulimharibia kompyuta pamoja na vifaa vyake vya kupimia. Anayesema waya wowote ni sawa hajasema kweli, na mimi sisemi hivyo. Ila naomba uone tiba ilivyopatikana. Kiwango cha USB-C kilikuwa wazi, hivyo mtu yeyote mwenye ujuzi aliweza kupima na kusema waya huu umekosea hapa. Na Machi 2016 Amazon ikapiga marufuku nyaya za USB-C zisizofuata kiwango. Tatizo lilishughulikiwa bila simu kumdai mtu yeyote leseni.

USB-C nayo ina chipu yake. Waya wa kubeba zaidi ya ampea 3 ni lazima uwe nayo. Chipu hiyo huulizwa: unaweza kubeba umeme kiasi gani? Ile ya Lightning iliulizwa: umetoka kwa nani? Swali la kwanza ni la usalama. La pili ni la biashara, na biashara ni haki yenu, wala sina kijicho nayo. Ninaloomba ni kwamba maswali hayo mawili yasiletwe mbele ya mteja chini ya onyo moja, akaamini kwamba waya usio na leseni ndio waya wa hatari, na kwamba waya wenye leseni umemkinga na chaja mbovu.

Umoja wa Ulaya umeshaamua kwa sheria. Tangu tarehe 28 Desemba 2024 simu mpya zinazouzwa huko lazima zichajike kwa USB-C, na chaja ya kampuni nyingine inayofuata kiwango isinyimwe kasi. Ninyi mliitangulia tarehe hiyo kwa iPhone 15, Septemba 2023, na watumiaji wa huku tumenufaika sana. Leo waya wa Samsung unachaji iPhone mpya, na familia yenye simu tatu za kampuni tatu inaweza kununua waya mmoja mzuri badala ya nyaya tatu za ovyo. Lakini sheria ile ni ya Ulaya. Tanzania, Kenya, Uganda na Congo hatuna chochote kilichoandikwa kinachotuhakikishia kwamba toleo lijalo la programu halitakuja na kufuli jipya kwa simu zinazotumika huku. Ndiyo maana nalitafuta neno lako.

Sisi tunajua kufuli likifungwa linamwangukia nani. Tarehe 16 Juni 2016 Tanzania ilizima simu bandia kwenye mitandao yote, kama Kenya ilivyofanya mwaka 2012. Nia ilikuwa njema na simu zile zilikuwa na hatari zake. Hata hivyo aliyeamka na simu isiyoshika mtandao alikuwa mnunuzi wa mwisho, aliyelipa fedha yake dukani mchana kweupe, huku aliyeziingiza nchini akiwa ameshapata faida yake. Na mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: hata machinga wanaotandaza chaja kwenye meza, wengi wao hawajui kilichomo ndani, maana nao waliuziwa kwa neno tu. Uthibitisho unaomwadhibu aliye mwisho wa mnyororo haumfikii aliyeuanzisha uovu.

Mheshimiwa, ninazidi kuthubutu kuandika kwa sababu kampuni yako imeshaonyesha njia iliyo bora. Kwa miaka kadhaa iPhone ilipokea wati 15 bila waya kutoka kwenye chaja zenu za sumaku za MagSafe tu, na chaja nyingine za Qi, kiwango cha kuchaji bila waya, ziliishia wati 7.5. Kisha mkautoa ubunifu wa sumaku za MagSafe kwa muungano wa kampuni zinazosimamia kiwango cha Qi, na Januari 2023 ukatangazwa msingi wa Qi2. Leo kampuni yoyote inaweza kutengeneza chaja ya Qi2, ikapimwa, ikafuzu, ikapewa alama, na iPhone ikapokea wati 15 kutoka kwake. Hapo uthibitisho upo, tena mkali, lakini ufunguo wake hauko mfukoni mwa kampuni moja. Ninachokiomba kwa chaja ya ukutani ni hichohicho mlichokwisha kukikubali kwa chaja ya sumaku.

Baada ya maelezo hayo, naomba kwa unyenyekevu kuwasilisha maombi manne.

Ombi la kwanza ni ahadi ya maandishi kwamba tundu la USB-C la iPhone litapokea waya wowote unaofuata kiwango, katika nchi yoyote, bila onyo la leseni na bila kupunguziwa kasi. Ahadi hiyo haitawagharimu kitu, kwa kuwa Ulaya mmeshabanwa kuitekeleza.

Ombi la pili ni chaja yenyewe. Naomba mlifufue lile jambo la kiungwana la mwaka 2013, safari hii mlilete kwenye nchi ambazo hamna maduka. Kupitia mawakala wenu wa Dar es Salaam, Mombasa, Nairobi na Kampala, mtu alete chaja anayoitilia shaka, auziwe halisi yenye pini tatu za soketi zetu, kwa bei inayokaribia gharama ya kuitengeneza. Mliiondoa chaja kwenye boksi kwa hoja kwamba watu wanazo tayari nyumbani. Kwa wengi wetu, iliyopo nyumbani ndiyo hiyo isiyo na fyuzi.

Ombi la tatu ni kwamba simu imwambie mtumiaji ilichokipima. Chaja mbovu hujitambulisha. Kila mtu huku ameshaona simu ikiwa kwenye chaji kioo kinajigusa chenyewe, herufi zinajiandika, programu zinafunguka bila kuguswa. Huo ni umeme usiochujwa unaokisumbua kioo. Simu inayoweza kutambua uso wa mwenyewe gizani inaweza kuutambua msukosuko huo, na inaweza kuona volti zikiporomoka kwenye waya mwembamba. Basi iandike, kwa lugha anayoielewa mtumiaji: chaja hii inatoa umeme usiotulia, acha kuitumia. Onyo la namna hiyo litaheshimiwa, maana mtu ataona kwa macho yake kwamba ni kweli.

Ombi la nne ni alama inayoweza kuhakikiwa na mtu wa kawaida. Nembo iliyochapwa kwenye boksi haitoshi, maana mwenye mashine ya kuchapa anayo. Mwaka 2016 Watanzania walibonyeza *#06# kupata namba ya utambulisho wa simu, wakaituma kwenda 15090, wakajibiwa kama simu zao ni halisi, tena kwa simu ya kitochi. Kenya mifuko ya mbegu ina stika ya kukwangua, na mkulima huihakiki namba yake kwa ujumbe mfupi kabla ya kupanda. Naomba kila chaja iliyothibitishwa, ya kwenu au ya kampuni nyingine, iwe na namba yake ya aina hiyo, na mshirikiane na Shirika la Viwango Tanzania na wenzao wa Kenya ili jibu limfikie mnunuzi akiwa bado amesimama mbele ya meza ya muuzaji, fedha ikiwa bado mkononi.

Nafahamu kwamba kampuni yako haikutengeneza chaja bandia hata moja, na kwamba inaumizwa nazo kama tunavyoumizwa sisi. Serikali zetu zina sehemu yao bandarini na mipakani, nasi wanunuzi tuna yetu. Lakini nembo inayoigwa ni yenu, na duniani ni wachache wenye uwezo kama wako wa kukiambia kiwanda kiongeze milimita, nacho kikaongeza. Ndiyo maana nimeona ni bora nikuandikie wewe.

Na ikiwa yote manne ni mazito kwa wakati mmoja, basi naomba, Mheshimiwa, lianze la pili. Mengine matatu yatatuokolea fedha na usumbufu. Hilo la chaja litaokoa watu.



Wako mtiifu,
Mtumiaji wa simu,
Dar es Salaam, Tanzania.